Siku Niliyoifungulia Dunia Kompyuta Yetu

Soko huria liliingia nyumbani kwetu kupitia chumba cha mbele. Nyumba yenyewe aliijenga babu, Mtaa wa Sikukuu, na chumba hicho kilikuwa cha wageni tangu nizaliwe: mkeka, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Makka, na saa ya ukutani iliyokufa zamani ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kuishusha. Kisha Kariakoo nzima ikashikwa na homa. Mwenye chumba alikigeuza fremu ya duka, mwenye ukuta akautundikia bidhaa, mwenye baraza akaipangisha kwa muuza makava ya simu. Mama alijitahidi kupinga, akisema nyumba isiyo na mahali pa kumkaribisha mgeni ni stendi. Mwishowe alichoka. Viti vikahamia ukumbini, nami nikafungua stationari.

Nasema stationari kwa kuwa ndivyo kibao kilivyosema. Kwa kweli palikuwa na mashine moja ya kutolea kopi, printa iliyokula karatasi mbili kwa kila moja iliyoitoa, na kompyuta. Kompyuta ilikuwa ya mtumba kama mashati ya Mchikichini. Ilishuka bandarini ndani ya kontena, na mgongoni ilikuwa bado na kibandiko cha shule fulani ya Ulaya ambayo watoto wake, bila shaka, walikuwa wamekwisha kununuliwa nyingine mpya. Mimi niliipokea kama mkwe. Nikaifunika kitambaa cha kudarizi, na mtu mwenye soda mkononi hakuruhusiwa kuisogelea.

Sitaficha, nilikuwa na majivuno. Nilisoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, nikapewa cheti, nikakitia lamineshi kwa mkono wangu mwenyewe na kukitundika pale ilipokuwa saa. Mtaani wakaanza kuniita mtaalamu. Mtu akiitwa mtaalamu kwa muda mrefu huanza kuamini, na hasara zake huanzia hapo.

Sasa, ndani ya kompyuta hiyo alikuwamo kaka yangu.

Kaka alikuwa kibarua bandarini. Siku moja alitoka alfajiri kama anayekwenda kazini, asirudi tena. Alizamia meli, yaani alijificha ndani yake akasafiri bila ruhusa. Kwa miaka minne hatukujua kama yu hai au ameliwa na samaki, mpaka baharia mmoja, kijana wa mtaani kwetu, alipotuletea kaseti kutoka Durban. Wakati huo kaseti ndiyo iliyokuwa barua kwa watu wetu wengi wenye ndugu ng'ambo. Unakaa na redio, unabonyeza kitufe chekundu, unausalimia ukoo mzima mmoja baada ya mwingine, kisha unampa mkanda mtu anayesafiri. Kaka alizungumza dakika kumi na moja. Mama alizisikiliza mpaka mkanda ukaanza kukwaruza, na hapo mtaalamu nikaingilia. Nikaiunganisha redio na kompyuta kwa waya, nikaihamishia sauti yote ndani.

"Sasa haichakai tena, mama," nikamwambia. "Kompyuta haisahau."

Mama akataka kumjibu mwanawe. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea pilau, sahani yake hairudi bila kitu, hata kama ni ndimu mbili. Kaseti nayo ilihesabiwa chombo. Anayejibu hurekodi maneno yake juu ya yale aliyoletewa, akamrudishia mwenyewe mkanda uleule. Nilisema nitamnunulia mwingine, akakataa, itakuwaje mtoto atume chombo chake kisirudi? Ila aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba sauti imeingia na haitatoka. Nikamwonyesha cheti.

Baharia akaondoka na kaseti. Baada ya miezi akarudi nayo. Kile chumba alichoishi kaka kilikuwa na watu wengine, na hakuna aliyejua amehamia wapi. Mama akaipokea, akaifungia kabatini ikiwa na sauti yake mwenyewe ndani. Tangu siku hiyo kaka yangu, kwa ukamilifu wake, alikuwa dakika kumi na moja ndani ya mashine yangu, wala hatukuwa na kitu kingine chake. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri mama alikuja fremuni, akajitanda khanga vizuri kama anayepokea mgeni, akakaa kwenye stuli ya wateja. Nilimbonyezea, kisha nikatoka barazani kuendelea na watu wa kopi. Kaka alisema shikamoo mama, na mama akaiitikia kompyuta marahaba. Wateja walizoea.

Ili mtu asije akaifuta sauti hiyo kwa bahati mbaya, nilikuwa nimeificha mbali, katikati ya mafaili ya kuendeshea mashine yenyewe, mahali ambapo mtu wa kawaida haingii. Nilijiona nina akili nyingi sana.

Ukuta kwa ukuta na sisi palikuwa na ghorofa la mzee mmoja wa Kihindi. Familia yake iliuza vitambaa hapo tangu enzi za babu, na soko huria lilipokuja naye hakubaki nyuma. Akafunga majora stoo, akaweka kompyuta kumi juu na kufungua intaneti kafe. Ni yeye aliyenipitishia waya juu ya paa, nami nikapata intaneti. Na ni vijana wa kafe yake walionipa habari za programu ya kuchangiana mafaili. Unaandika jina la wimbo, na mtu usiyemjua, sijui yuko Brazil, sijui Ufini, anakupa. Bure! Haya yalisemwa Kariakoo, ambako hata kuuliza njia kulikuwa kumeanza kuwa na bei.

Nilistaajabu kweli. Sisi tulifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba cha mmoja ni cha wote. Tukaimba, tukapiga makofi, tukapanga foleni ya sukari. Halafu tukaambiwa mambo hayo yamepitwa na wakati, sasa kila mtu na lake, uzeni. Tunamaliza tu kujifunza kuuza, kumbe wale waliotuletea soko huria wamejifungia vyumbani mwao wanagawiana bure. Tulichokitupa jalalani wao wamekiokota, wamekifuta vumbi, na wanakifaidi.

Nikaiweka programu hiyo. Ilipokwisha kujipanga ikaniuliza swali la kiungwana: na wewe, je, utawapa wenzako nini? Chagua kabati utakalowafungulia. Mtu mwenye busara angefungua kabati moja la nyimbo akaishia hapo. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu. Kula vya watu huku vyako umevifungia ni uchoyo, na kwetu afadhali uitwe mwizi kuliko mchoyo, maana mwizi angalau anaweza kutubu. Nikaifungulia dunia diski nzima.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Nyimbo zilimiminika, nikachoma CD za mchanganyiko, vijana wa Msimbazi wakawa wanakuja kwa jina langu. Nilikaa nikitazama orodha ya watu waliokuwa wakichota kwangu, nikajisikia kama mwenye shughuli anayewaona wageni wakila na kushiba.

Wiki ya pili wageni wakaanza kukaa vibaya. Alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili kuandikisha kadi za mwaliko wa maulidi. Nimemaliza tu Bismillahi juu ya kadi, dirisha likafunguka lenyewe katikati ya skrini, na ndani yake dada wa Kizungu ambaye nguo zake zote zisingetosha kufutia meza, akitutangazia kwamba tumeshinda zawadi. Nikamfunga. Wakaja wawili. Nikawafunga hao, wakaja wanne na mchezo wa kamari. Yule mama akavaa miwani, akawatazama kwa utulivu.

"Hawa nao wamealikwa?"

"Hapana, mama, hayo ni matangazo tu."

"Basi waambie wavae kwanza, ndipo watangaze." Akachukua karatasi yake, akaenda kuandikisha kwingine.

Siku ya tatu yake akashuka mzee wa kafe, jambo ambalo hakulifanya ila kuna msiba au mafuriko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, unafuga nini humu ndani? Kafe yangu imekauka. Mtu anakaa saa nzima kusoma barua moja." Akainama, akaiona ile orodha ya wachotaji. "Hawa wote ni nani?"

"Wageni."

"Wageni wako wanakunywa kisima changu. Wafungie, mwanangu, tena leo."

Nikaitikia ndiyo mzee, naye akapanda zake. Sikuwafungia. Watu wako katikati ya kuchukua, uwafungie mlango usoni? Adabu gani hiyo! Badala yake nikaamua kuitibu kompyuta. Nikachukua bure, kutoka kwa watu haohao, programu ya kusafisha mashine. Ilikuwa chafu kuliko uchafu iliokuja kuusafisha. Nikachukua ya pili iifukuze ya kwanza, kisha ya tatu iziamulie. Mashine ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, kama mtu anayetoka nyumbani, akakumbuka amesahau kitu, akarudi, akatoka, akarudi. Alhamisi asubuhi iliwaka bluu tupu na maandishi meupe, ikagoma.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kesho yake ni Ijumaa. Wiki mbili nilikuwa nimechezea kitu kilichomshikilia mama yangu, na sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

Nikaenda Mtaa wa Msimbazi kumtafuta fundi. Fundi wa kompyuta wa Kariakoo ana magonjwa elfu na dawa moja, nayo ni kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuipandishia mashine mfumo upya. Lakini hakurupuki, kuna ibada zake kwanza. Alikuja fremuni na kibegi, akalifungua boksi, akapuliza vumbi mpaka tukakohoa wote wawili. Akachomoa kijiti cha memori, akakisugua kwa kifutio cha penseli kama mwanafunzi anayefuta jibu la hesabu, akakirudisha. Akaipiga mashine kofi moja la ubavuni, la heshima. Bluu.

"Imekula virusi mpaka imecheua, braza," akasema. "Hapa tunapiga windo tu."

"Kuna vitu vyangu ndani."

"Usiwe na presha. Nyaraka, picha, miziki, vyote naweka pembeni kwanza. Mimi sio wale jamaa wa kufutafuta vitu vya watu."

Na kweli hakuwa miongoni mwao. Alifanya kazi yake kwa uangalifu, akaichomeka diski yangu kwenye mashine yake ndogo, akahamisha kabati moja baada ya jingine huku akiimba chini kwa chini. Nikasimama nyuma yake kwa muda. Kisha akaja mlangoni mteja mwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto sita, anataka kopi tatu tatu, ana haraka, dereva anamngoja. Nikaenda kumhudumia.

"Braza," fundi akaniita, "kuna kingine nihifadhi, au nipige?"

Nikamjibu bila kugeuka. "Piga tu."

Baada ya saa mbili kompyuta iliwaka kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona tangu ishuke bandarini. Kadi za harusi zote zilikuwapo. Barua za kuomba kazi zilikuwapo. Nyimbo za wageni, mia nne na ushei, zote zilikuwa salama, hata zile nilizozipakua kwa makosa. Nikaingia kule nilikokuwa nimeificha sauti ya kaka. Palikuwa peupe. Nilikuwa nimemlaza palepale windo linapopigwa.

Fundi alinitazama kwa huruma. "Si nilikuuliza, braza?"

Aliniuliza. Sikuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu aliyekosa hutafuta kwanza wa kumgawia lawama.

Ijumaa asubuhi nilibeba boksi kichwani, nikapanda nalo kwa mzee wa kafe. Nilitegemea anigombeze. Aliniuliza tu ni kitu gani kilichopotea, nikamweleza, akaifunga kafe kwa wateja nusu siku. Alikuwa na programu ya kufukua vilivyofutwa. Tulikaa mbele ya skrini mpaka adhuhuri, tukitazama vipande vikitoka: nusu ya kadi ya kitchen pati, jicho moja la picha ya pasipoti, barua ya talaka isiyo na mwisho. Mara likatokea faili lenye jina nililoliandika mwenyewe, Sauti ya Kaka. Tukalifungua, likacheza robo ya wimbo wa Kibrazili na mngurumo.

Nikapata wazo moja la mwisho, na nakiri niliona ni la kijinga hata kabla ya kulisema. Mimi si nilikuwa nimeifungulia dunia diski nzima? Wiki mbili watu wamechota. Huenda kuna mtu, Brazil, Ufini, popote, aliyechukua na kaka yangu humo humo. Mzee wa kafe hakucheka. Akaiweka ile programu kwenye kompyuta yake, yeye aliyenikataza, tukaandika jina la faili na kungoja. Programu ikazunguka dunia yote. Hakuna. Tukajaribu sauti peke yake, tukajaribu kaka, tukajaribu kwa herufi ndogo na kubwa. Hakuna.

"Watu huchukua wanachokijua, mwanangu," mzee akasema. "Huyu alikuwa wenu."

Nililia kidogo, akajifanya anafuta kibodi.

Alasiri mama akaja. Akajitanda khanga, akakaa kwenye stuli, akaitazama kompyuta iliyong'aa upya. Nilikuwa nimetunga maelezo marefu, yenye virusi ndani yake na Wazungu. Yote yalinikauka.

"Mama, sauti ya kaka imefutika. Nimeifuta mimi."

Barazani mtu aligonga, anataka kopi.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Hata lile la mwisho?"

"Lipi la mwisho, mama?"

Akageuka kunitazama. "Baada ya kuaga. Anaaga, panakuwa kimya kitambo, mtu unadhani kaseti imekwisha. Halafu anarudi."

Sikulijua. Kaseti ilipoletwa niliinuka alipoaga tu, nikidhani imekwisha. Siku ya kuihamisha niliiacha redio ikicheza nikaenda kutoa kopi, na Ijumaa zote zile sikuwahi kukaa kuisikiliza hadi mwisho. Katika salamu zake kaka aliwataja shangazi, majirani, hata mpangaji aliyehama zamani, ila mimi hakunitaja, nami nilikuwa nimekwisha kulichukua hilo moyoni na kulinyamazia.

"Anakutaja wewe pale," mama akasema. "Anasema, mwambieni mdogo wangu, siku ile naondoka nilimwona yuko macho. Namshukuru kwa kuninyamazia."

Ni kweli nilikuwa macho. Tulilala chumba kimoja, nilimwona akivaa na kufunga kifurushi, nikajua anakwenda wapi kwa sababu alikuwa akiizungumzia meli hiyo wiki nzima, nikafumba macho mpaka alipotoka chumbani, kisha nikamchungulia mlangoni. Ningeita mara moja tu mama angeamka. Sikumwambia mtu yeyote. Mama alipokuwa akizunguka hospitali na vituo vya polisi kumtafuta, mimi nilimshikia mwavuli.

"Kwa hiyo umejua siku zote hizi," nikasema.

"Tangu kaseti ilipokuja. Nikasema ngoja, ataniambia mwenyewe. Kila Ijumaa nasema leo atakaa. Wewe unasema, 'Nina mteja, mama.'"

Yule mtu wa kopi akagonga tena. Nikaenda nikaufunga mlango wa fremu kwa komeo, mchana kweupe, nikarudi nikakaa sakafuni mbele ya stuli yake. Nikamsimulia. Nilimweleza kaka alivyotembea peku ili kandambili zisilie, na alivyosimama mlangoni mwa chumba cha mama kwa muda mrefu, mkono umeshika pazia.

"Alisimama mlangoni kwangu?"

"Alisimama mpaka muadhini akamaliza."

"Alivaa nini?"

"Shati la buluu la mikono mirefu. Lile lililopungua kifungo."

"Alikula?"

"Alichukua andazi moja kwenye sinia, akala nusu. Nusu akairudisha, akaifunika na kawa."

Mama akaweka kiganja mdomoni. "Yaa Rabi. Kwa nusu ile nilikuchapa kandambili wewe."

"Nakumbuka, mama."

"Na bado ukanyamaza," akasema, akanivuta kichwa, akakilaza gotini kwake, nasi tukamlilia kaka pamoja kwa mara ya kwanza.